GIABOKSI IKIFA, ALIPE NANI?



Siku hizi katika stendi ya Isebania kuna ugomvi mmoja unaorudi kila mara baina ya madereva na matajiri wa magari. Si ugomvi wa nauli wala wa polisi. Ni ugomvi wa giaboksi za otomatiki.

Habari yenyewe huenda hivi. Dereva amebeba abiria wa Kehancha au wa Migori. Gari lafika mlimani, injini yalia kwa nguvu lakini magurudumu hayavuti. Jioni tajiri wa gari asema, "Umeniulia giaboksi, utalipa." Tangu siku hiyo dereva hukatwa kidogo kidogo katika malipo yake. Hakuna karatasi iliyoandikwa, wala hakuna fundi aliyefungua akaonyesha kitu kilichovunjika. Tajiri naye ameambiwa na watu kwamba dawa ni mbili tu, ama kulivuta gari mpaka kwa wakala wa kampuni katika mji mkubwa, ama kununua giaboksi nyingine.

Sisi wa chama twasema kwamba maneno hayo yote si ya kukubaliwa upesi. Giaboksi inayoteleza si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ni mgonjwa, na mgonjwa hupimwa kabla ya kuchimbiwa kaburi. Kipimo hicho chaweza kufanywa hapa hapa na mafundi wetu wa jua kali, kwa utaratibu, kuanzia kitu cha bei ndogo mpaka cha bei kubwa. Na tena, kipimo hicho hicho ndicho ushahidi wa kuamua nani alipe. Kwa hiyo twaomba kila dereva, utingo na fundi asome mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe.

WAKALA NA SISI

Otomatiki si kitu kipya duniani. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 yakiwa na giaboksi ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic. Lakini kwetu wazee waliojifunza kazi hii katika Bedford na Peugeot walijua klachi na mkono wa gia tu. Otomatiki zilijaa barabarani kwetu baada ya biashara ya magari yaliyotumika Japani kupanuka tangu miaka ya 1990.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa. Basi gari linalofika kwetu mara nyingi limekwisha kufanya kazi miaka mingi kwa mtu mwingine. Dhamana ya kiwanda ilikwisha kabla halijapanda meli. Wakala ana mashine nzuri na vitabu vyake, wala hatumtukani. Lakini hana deni na gari hilo. Kulipeleka kwake ni gharama ya kulibeba, gharama ya kazi, na siku nyingi bila mapato. Tajiri akifika huko kabla ya kupimisha hapa nyumbani, huenda akalipa fedha nyingi kwa ugonjwa wa waya mmoja uliokatika.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Mtu hawezi kupima kitu asichokifahamu, basi na tueleze kwa ufupi. Katika gari la gia za mkono, mguu wa dereva ndio unaoachanisha injini na giaboksi. Katika otomatiki kazi hiyo hufanywa na oili. Kati ya injini na giaboksi kuna bakuli la chuma, mafundi huliita konveta. Ndani yake kuna mapanga yanayotazamana kama feni mbili. Injini huzungusha feni moja, oili hurushwa, na oili hiyo huzungusha feni ya pili.

Pia kuna pampu inayozungushwa na injini. Pampu husukuma oili kwa nguvu, na nguvu hiyo hukandamiza klachi ndogo ndogo zilizo ndani ili gia ishike. Njia za oili hufunguliwa na kufungwa na vali. Vali huamriwa na solenoidi, yaani vali ndogo za umeme, nazo huamriwa na kompyuta ya gari. Oili hiyo hiyo hupoza na kulainisha. Kisha hupita katika rejeta ili nayo ipoe.

Kwa hiyo oili ikipungua, ikichafuka au ikichemka kupita kiasi, kila kitu huharibika kwa pamoja. Ndiyo maana kipimo huanza na oili, si na spana.

UTARATIBU WA KUPIMA

Kwanza, kiasi cha oili. Gari liwe limetembea mpaka limepata moto, lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe. Injini ikiendelea kunguruma, dereva akanyage breki na kupitisha mkono wa gia polepole toka P mpaka mwisho, kisha aurudishe P. Vuta kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, ukivute tena. Oili ifike kwenye alama ya moto. Kumbukeni kwamba oili ya giaboksi haiungui kama ile ya injini. Ikipungua, imevuja. Tazameni sili za ekseli, gasketi ya sampu, na mipira inayokwenda kwenye rejeta. Kuongeza bila kutafuta mvujo ni kuahirisha hasara. Wala msijaze kupita alama, kwa maana oili nyingi hutoa povu, na povu halisukumi klachi. Magari mengine ya karibuni hayana kijiti. Hayo lazima yainuliwe yakiwa sawa, na oili ipimwe kwa tundu la chini ikiwa na joto lililotajwa katika kitabu cha gari.

Pili, rangi na harufu. Oili nzima ya otomatiki huwa nyekundu na huonekana safi. Ikiwa ya kahawia nyeusi na yanuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeungua. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na gari lisitembezwe hata hatua moja zaidi mpaka rejeta itengenezwe na oili yote itolewe.

Tatu, aina ya oili. Hapa fedha nyingi hupotea kwa kutojua. Toyota nyingi za gia 4 hutaka oili ya T-IV, na nyingine zilizofuata hutaka WS. Kwenye magari mengi jina limeandikwa juu ya kijiti chenyewe. Toyota Probox, ambayo ndiyo punda wa njia zetu, ilianza kutengenezwa mwaka 2002. Lakini Probox nyingi za otomatiki zilizotoka baada ya mabadiliko ya mwaka 2014 zina giaboksi ya namna nyingine inayoitwa CVT, yenye mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Hiyo ina oili yake peke yake. Anayetia oili ya kawaida ndani ya CVT anaiua kwa mkono wake. Basi dukani mtu asiombe "oili nyekundu" tu. Aombe kwa jina.

Nne, umeme. Ikiwa gari limeng'ang'ania gia moja, au taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe kwenye dashibodi, kompyuta inasema imeona kosa. Fundi mwenye mashine ya kusoma makosa alisome na kuliandika. Kisha atazame betri, waya za kwenye giaboksi, na plagi yake kama imeingia maji au kutu. Solenoidi hupimwa kwa mita ya umeme. Katika aina nyingi za Toyota za gia 4, solenoidi za kubadili gia huonyesha omu 11 mpaka 15 zikiwa baridi. Isiyoonyesha kitu imekatika ndani. Na katika nyingi ya giaboksi hizo, solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampu tu, bila kushusha giaboksi nzima.

Tano, vitu vya nje. Kebo ya mkono wa gia ikilegea, mkono husema D na giaboksi yenyewe iko kwingine. Magari ya zamani yana pia kebo inayotoka kwenye kanyagio la mafuta, na ikikosewa urefu gia huchelewa kuingia. Mpira wa kushikia injini ukikatika, gari hupiga teke kila gia inapoingia, na watu hulaumu giaboksi isiyo na hatia.

Sita, sampu. Ndipo sasa tufungue. Ndani kuna sumaku. Uji mweusi laini juu ya sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya. Filta isafishwe au ibadilishwe. Oili iliyotoka ipimwe kwa chombo, na kiasi hicho hicho kirudishwe, kisha kijiti kitazamwe tena. Mfahamu kwamba kwa kumwaga mara moja si oili yote hutoka, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya konveta. Kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa baada ya siku chache mpaka oili ionekane safi.

IKIWA IMEKUFA KWELI

Baada ya hatua hizo sita, ikiwa oili inanuka kuungua na vipande vya chuma vimeonekana, basi hapo ndipo mtu aseme giaboksi imekwisha. Hata hivyo kazi yaweza kufanywa kwetu. Giaboksi zilizotumika hupatikana Kisumu, na Nairobi hupatikana katika maduka ya Grogan. Anayekwenda kununua asiende na jina la gari tu. Anakili namba zilizoandikwa kwenye kibati cha gari, mahali pa giaboksi na ekseli, azilinganishe na za ile anayouziwa, na aivute oili yake ainuse kabla ya kulipa.

Wakati wa kuifunga kuna kosa moja linaloua giaboksi nzima kabla haijatembea. Konveta lazima izungushwe kwa mkono mpaka iingie vizuri katika meno ya pampu. Fundi akiona giaboksi haikaribiani na injini, asiivute kwa bolti. Akiivuta, pampu itavunjika. Rejeta ya oili na mipira yake isafishwe pia, maana chuma cha giaboksi ya kwanza kimelala humo kikingoja kuingia katika ya pili. Na oili itiwe kabla injini haijawashwa.

WAJIBU WETU MADEREVA

Twadai haki, basi tusikimbie wajibu. Yako mambo ambayo dereva akiyafanya, hawezi kuja mbele ya chama akasema hana kosa.

Asizime injini na kuteremka mlima kwa kuokoa petroli. Injini ikizimwa pampu haizunguki, na gia huzunguka bila oili. Asitie D gari likiwa bado linarudi nyuma. Gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele lisivutwe kwa kamba huku magurudumu hayo yakizunguka chini. Liinuliwe mbele, au libebwe. Gari likianza kuteleza mlimani asilazimishe kwa mafuta. Asimame, lipoe, oili itazamwe.

JE, NI KOSA LA NANI?

Lakini kuna jambo ambalo si la dereva. Probox ilitengenezwa kubeba watu 5. Kila mtu ajuaye barabara zetu amewahi kuiona ikiwa na abiria mpaka kwenye kiti cha dereva, na magunia ya mahindi nyuma. Mzigo huo ukipanda mlima, oili huchemka, na oili iliyochemka huua klachi. Nani aliyeweka hesabu ya jioni ambayo haitimii ila kwa kujaza hivyo? Na nani aliyekataa kununua oili mwaka mzima akisema gari bado linatembea? Tajiri anayedai hesabu kubwa na kunyima oili hawezi kumtwika dereva gharama ya giaboksi.

Nayo sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Haikusema mali iliyochakaa. Haikusema mali iliyozeeka. Na makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Sirari na Tarime, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 28, yataka iwe ni kosa la mfanyakazi, apewe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kujitetea, na asikatwe zaidi ya robo ya malipo yake.

Tajiri mwingine atasema, "Wewe si mfanyakazi wangu, wewe unaleta hesabu tu." Ndiyo sababu twawaambieni kila siku muwe na mkataba. Sheria hiyo ya Kenya, kifungu cha 9, yataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uandikwe.

DAFTARI LA GARI

Basi chama chaleta shauri moja, nalo halihitaji fedha nyingi. Kila gari liwe na daftari dogo. Ndani yake iandikwe tarehe oili ilipotazamwa, rangi yake, oili gani ilitiwa na kiasi gani, na maili au kilometa za siku hiyo. Dereva akisikia gari linachelewa kushika gia, aandike siku hiyo hiyo na tajiri atie sahihi kwamba ameambiwa. Fundi akipima, aandike hatua zote sita na alichokiona. Spea iliyotolewa isitupwe. Ihifadhiwe mpaka shauri liishe.

Siku giaboksi ikifa, daftari litasema. Likionyesha kwamba dereva alitoa habari mara tatu na hakuna aliyenunua oili, hakuna tajiri atakayesimama mbele ya afisa wa kazi akasema ni makusudi ya dereva. Likionyesha kwamba dereva aliletewa oili akasahau kuitia, chama nacho kitajua la kumwambia. Daftari humlinda mtu mkweli, awe dereva au tajiri.

NENO KWA MAFUNDI

Mafundi wa jua kali, ninyi pia ni wafanyakazi. Msiseme giaboksi imekufa kabla ya kupima, hata kama kuuza giaboksi kuna faida kuliko kubadili solenoidi. Jina jema la fundi ndilo duka lake. Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni stendi, na magurudumu yazuiwe. Kile kipimo cha kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja kifanywe na fundi anayekijua tu, kisizidi sekunde 5, na mbele ya gari asisimame mtu. Oili chafu msiimwage mtaroni, kwa maana mtaro huenda mtoni, na mtoni ndipo watoto wetu wanachota maji.

Tena, ujuzi wenu upewe karatasi. Nchini Kenya mamlaka ya NITA hutoa majaribio ya ufundi kwa daraja la III, II na I, hata kwa mtu aliyejifunza chini ya mti. Nchini Tanzania VETA hupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Fundi mwenye cheti akiandika katika daftari, maneno yake yana uzito mbele ya afisa wa kazi na hata mahakamani.

Wapo wasemao kwamba dereva na fundi hawana shauri moja. Wakumbushwe kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 madereva na makanika wa Kenya walikuwa katika chama kimoja cha usafiri wa barabara, na Fred Kubai alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Ni Kubai huyo pamoja na Makhan Singh waliounda East African Trade Union Congress mwaka 1949. Wazee hao walifahamu kwamba mkono unaoshika usukani na mkono unaoshika spana hukatwa na kisu kimoja.

Kwa hiyo twataka kila tawi lijadili jambo hili. Tawi lichague mafundi wawili au watatu wanaoaminiwa na pande zote kupima giaboksi zenye ugomvi. Na kuanzia sasa dereva yeyote anayekatwa fedha kwa ajili ya giaboksi isiyopimwa asinyamaze nyumbani. Alete jina la gari, tarehe na kiasi alichokatwa kwa katibu wa tawi lake.

Kwanza oili itazamwe. Kisha waya. Kisha sampu ifunguliwe mbele ya watu. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya nani alipe.

Umoja ni nguvu.